Ukoka Mbele ya Mlango wa Mzee Ngwali

Ipo nchi moja, msiniulize iko upande gani, maana nikiitaja tu watajitokeza watu waseme nimewasema wao. Mimi naishi humo na naipenda. Ni nchi tulivu. Viongozi wetu wanatupenda kuliko tunavyojipenda wenyewe, na jambo hilo wamelithibitisha wao mara nyingi redioni.

Zamani, yaani kabla Mkuu wetu hajasafiri, kila mwanamke wa nchi hii aliamka alfajiri, akanyunyiza maji mbele ya nyumba yake, akashika ufagio wa chelewa na kufagia mpaka uwanja ukabaki mtupu, mgumu, wenye mistari ya ufagio kama nywele zilizotoka kuchanwa. Mpita njia akiona uwanja wa namna hiyo alijua humo mna watu. Akiona majani yameota mbele ya mlango, alijua moja kati ya mawili: ama mwenye nyumba kahama, ama kafa na hana ndugu. Mama mkwe hakuuliza kama mke wa mwanawe anajua kupika. Alitazama chini tu, akajua kila kitu.

Basi Mkuu akaenda ng'ambo kwa mambo ya taifa ambayo hatukuelezwa, ili tusichoke. Aliporudi alikuwa na huzuni. Alisimama jukwaani akasema, "Ndugu wananchi, nimeona aibu. Nilikaribishwa kwenye nyumba iliyozungukwa na nyasi fupi, kijani, zimelala kama zulia. Mwenyeji wangu akaniuliza, na kwenu je? Ndugu wananchi, nilikohoa."

Loo! Taifa zima likasikia kwamba Mkuu amekohoa mbele ya wageni. Watu wazima walilia. Mpaka siku hiyo hatukujua kwamba tuna aibu. Tulidhani tuna usafi.

Hapo hapo ikaundwa Wizara ya Nyasi na Heshima ya Taifa, ikapata Waziri, manaibu, wimbo wake, na gari la kumwagilia lililokuwa likifanya mazoezi nyumbani kwa Waziri. Ufagio wa chelewa ukatangazwa kuwa adui wa kijani. Na kila mtaa ukaambiwa: nyasi zikistawi, mtapewa bendera ya kijani. Zikinyauka hata kwa nyumba moja, mtapewa bendera ya njano, na bomba la mtaa mzima litafungwa, kwa sababu Wizara haiwezi kupoteza maji kwa watu wasioyatumia vizuri.

Sisi wa Mtaa wa Mbigiri tuliletewa Afisa Nyasi, Bwana Kipepe, mtu mwenye shingo ndefu na sauti ya mkutano, hata akiagiza chai anahutubia. Siku ya kwanza alitukusanya akasema, "Majani huota, ndugu zangu. Nyasi hulelewa!" Tukapiga makofi. "Lima udongo, toa mawe. Toa ndago mpaka kiazi chake cha mwisho, maana ndago ni mpinzani, ukimkata juu anajipanga chini. Tia samadi iliyooza, sawazisha, panda vipande vya ukoka. Mwagilia alfajiri, maji yazame. Ukinyunyiza kidogo kidogo mchana kutwa, mizizi inakuwa mivivu, inakaa juu juu kama vijana wa siku hizi. Na ukikata, punguza theluthi tu. Ukizinyoa mpaka ngozi, jua litazibabua." Haki ya mtu mpe. Bwana Kipepe nyasi alizijua. Ni watu tu ndio hakupata kuwasomea.

Mzee Ngwali akanyoosha mkono. Huyu alikuwa dobi wetu tangu enzi za pasi ya mkaa, mtu ambaye hakuwahi kurudisha shati lenye kunyanzi moja. "Bwana Afisa," akauliza, "na njia ya kutoka barabarani hadi mlangoni?"

"Njia ni kovu," akajibu Bwana Kipepe. "Umeona wapi zulia lenye kovu?"

Basi njia nazo tukazipanda. Mke wa Mzee Ngwali, Bi Sikudhani, ambaye uwanja wake ndio uliokuwa mweupe kuliko viwanja vyote mtaani, alishika kiuno akatazama jembe likiingia. "Watu watasema tumehama," akasema. Mumewe akamjibu, "Serikali imeshasema, mke wangu. Kama ni kufanya, tufanye vizuri." Akafanya kama alivyopiga pasi. Asubuhi alikuwa kapiga magoti na mkasi, jioni anang'oa mbigiri kwa vidole. Ukoka ukaota kwake, wallahi, ungedhani umeshonwa.

Bwana Kipepe alipokuja kukagua mara ya kwanza, mtaa mzima tulikuwa madirishani. Alifika kwa Mzee Ngwali, akatazama ule ukoka uliotoka kumwagiliwa, akasita. Kisha akapandisha suruali, akajibana ukutani, akaenda ubavu ubavu kama kaa mpaka mlangoni.

"Umeona?" mke wangu, Mama Chausiku, akaninong'oneza.

"Nimeona."

"Hakukanyaga."

"Hakukanyaga. Basi hazikanyagwi."

Kesho yake mtaa mzima ulikuwa unapita ukutani. Mmoja akaweka ubao kando ya ukuta, mwenzake asiyetaka kuonekana mzembe akaondoa hata ubao akahamia dirisha la jikoni. Sheria ile hakuna aliyewahi kuisoma, na kwa hiyo hakuna aliyethubutu kuivunja. Wageni tuliwasalimia kutoka barabarani kwa kupaza sauti. Binti wa jirani aliposwa hivyo hivyo, washenga wakiwa ng'ambo ya ua, wakapiga kelele za mahari mpaka wauza karanga wakaanza kutoa maoni yao, na baba mtu kwa haya akakataa. Mama mkwe wangu alipokuja kututembelea aliingilia dirisha la jikoni. Nusu ikaingia, nusu ikabaki kwa jirani. Tuliiamkia ile nusu iliyoingia. Hajarudi tena, na Mama Chausiku bado ananinunia, lakini nyasi zetu zilikuwa salama.

Ndipo Mzee Ngwali akaugua. Nilipita dirishani nikamkuta kalala, kifua kinapanda na kushuka kwa shida, macho yake yanatazama mlango wa mbele uliofungwa siku nyingi.

"Baba Chausiku," akaniambia, "mimi kufa sikuogopi. Nina neno moja tu. Mlango ule nilimwingiza Sikudhani siku ya harusi yetu, ngoma zinalia. Siku yangu ikifika, nitoeni kwa mlango ule ule. Mabegani, watu wapokezane, kama wanavyotolewa watu. Msinipitishe dirishani kama kitu cha wizi."

"Aa, mzee wangu," nikasema. "Hilo nalo la kuniambia?"

Bi Sikudhani alikuwa kando anamkanda miguu. Aliinua uso akanitazama. "Umesikia mwenyewe," akasema. Nikamwambia asiwe na shaka, sisi ni watu wa mtaa mmoja.

Wiki ile ile ikaja habari ya kutuinua vichwa. Nyumba ya Mzee Ngwali imechaguliwa kuwa Nyasi ya Mfano ya Taifa, na Mheshimiwa Waziri mwenyewe anakuja Alhamisi alasiri kutukabidhi bendera ya kijani! Mtaa wa Mkwaju, jirani zetu, walikuwa na bendera ya njano tangu masika, na kila siku tuliwaona wanawake wao wakipita na ndoo kwenda mtoni. Tuliwaonea huruma kwa furaha kubwa. Tukapaka mawe chokaa. Bwana Kipepe akapita akikagua jani moja moja, akasema mwenye mbuzi amfunge, mwenye kuku amfunge, na mwenye mtoto ajue la kufanya.

Alhamisi alfajiri tukasikia kilio. Mzee Ngwali amefariki.

Naona haya kusimulia linalofuata, lakini nimeshaanza.

Kwetu, kilio kikisikika, hakuna anayesubiri kualikwa. Wanawake hujifunga kanga na kwenda moja kwa moja ndani kumshika mfiwa, wanaume huweka turubai uwanjani, moto unawashwa, na hata aliyegombana na marehemu huja akakaa mkekani. Ndivyo tulivyo. Nasi tulitoka mbio, wote, hakuna aliyebaki kitandani. Tukafika mbele ya nyumba ya Mzee Ngwali, na pale pale barabarani tukasimama.

Ukoka ulikuwa umejaa umande. Haukuwa na alama ila nyayo za mtu mmoja.

Bi Sikudhani alikuwa kafungua mlango wa mbele, mbao zote mbili, kazibana na mawe zisirudi. Alikuwa katoka mwenyewe, peku, akatandika mikeka juu ya nyasi kwa ajili ya watu. Alisimama kizingitini, kanga kichwani, anatutazama.

"Karibuni," akasema. "Ingieni."

"Pole sana, mama!" tukaitikia kutoka barabarani, kwa sauti moja. Ilikuwa pole nzuri, ya pamoja.

"Ingieni jamani. Mbona mmesimama?"

Wanawake wakatazamana. Mama Chausiku alinyanyua mguu, namwona mpaka leo, aliunyanyua kweli. Mwanamke mmoja nyuma yake akasema taratibu, "Mwenzangu, wewe una kisima kwako?" Mguu ukarudi chini.

"Baba Chausiku," Bi Sikudhani akaniita kwa jina, mbele za watu. "Uliahidi."

"Tunatafuta utaratibu, mama," nikajibu. Neno hili utaratibu ni zuri. Ukilitamka unakuwa umefanya kitu.

Turubai tukalifunga barabarani. Sufuria zikapangwa barabarani. Tukaitisha kikao cha dharura na Bwana Kipepe, aliyefika mapema kwa ajili ya Waziri. Akasema, "Mimi ni mdogo, siwezi kuamua juu ya marehemu." Tukasema sisi ni wadogo zaidi, hatuwezi kuamua juu ya nyasi. Akapendekeza msiba usogezwe Ijumaa. Tukamweleza kwamba mhusika ameshafariki.

Shehe alipofika, akanyoosha kidole. "Mlango si ule pale, uko wazi?"

"Ndio ule, shehe. Lakini kuna nyasi."

"Nyasi za nani?"

"Za marehemu."

Shehe akafungua mdomo. Kisha nadhani akakumbuka kwamba na mbele ya msikiti kuna ukoka wa Wizara, akaufumba. Akapandisha kanzu yake, akazunguka nyuma.

Hivyo ndivyo Mzee Ngwali alivyotoka. Dirisha lake la jikoni ni dogo, la kupitisha moshi na mtu mwembamba. Ilitubidi tuliinamishe jeneza, kichwa chini miguu juu, tukalivuta huku wengine wakisukuma, likakwama, mtu akasema "lete mafuta," mwingine akasema "astaghfirullah." Likatoka na masizi ubavuni. Likapita juu ya ukuta wa choo cha jirani, kati ya kamba za nguo, na watu hawakupokezana mabegani kwa sababu ule upenyo haukuwa na nafasi ya mabega. Mtu aliyetunyooshea nguo maisha yake yote alitoka kwake amekunjamana.

Upande wa mbele, mlango ulikuwa bado wazi. Bi Sikudhani alikuwa bado pale kizingitini, anasubiri tuje tumchukue mumewe. Alijua tumeshaondoka naye aliposikia takbiri inatoka upande wa pili wa nyumba. Mama Chausiku ndiye aliyeniambia. Alisema Bi Sikudhani hakupiga kelele. Aligeuka tu akatazama ndani, akaona chumba kitupu.

Tulirudi kutoka makaburini tukakaa chini ya turubai letu barabarani. Wali uliiva lakini ulishuka kwa shida. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Alasiri msafara wa Waziri ukafika na ving'ora vyake, ukakwama kwenye turubai. Mheshimiwa akashuka, mama mnene mwenye uso wa ukarimu, viatu vyake virefu virefu. "Hawa watu wote mbona wako barabarani?" akauliza.

Bwana Kipepe akakakamaa. "Mheshimiwa, kuna msiba. Mwenye nyasi amefariki leo alfajiri."

"Innalillahi! Sasa mbona hamko kwa mfiwa?"

Nikaona hapa pana heshima ya mtaa. Nikasimama nikasema kwa sauti, "Mheshimiwa, tunalinda nyasi!"

Nilitegemea makofi. Waziri alinitazama kama mtu asiyesikia vizuri. Kisha akaingia. Moja kwa moja! Akakata katikati ya ukoka wa Mzee Ngwali, visigino vinazama na kutoka, kila hatua inaacha shimo. Sisi tukashika pumzi. Bwana Kipepe, mtu wa kazi yule, akapaza sauti, "Mheshimiwa anazitoboa zipate hewa! Nyasi hupenda hewa!" Na makofi yakapigwa.

Akamshika Bi Sikudhani mikono, akampa pole kwa maneno mazuri sana, mimi mwenyewe nilitamani ningekuwa nimeyasema. Halafu akatugeukia, bado kasimama pale pale nyasini.

"Nani aliwakataza kukanyaga?"

Waliokuwa mbele wakarudi nyuma hatua moja.

"Nauliza. Nani? Maana Wizara haina kanuni hiyo. Nyasi ni za kukanyagwa, jamani! Kule Mkuu alikokwenda watu wanazilalia, watoto wanabiringika. Ukoka ukikanyagwa leo, kesho umesimama."

Tukamtazama Bwana Kipepe. Bwana Kipepe akatutazama sisi.

"Mheshimiwa, mimi nilidhani ni agizo kutoka juu," akasema, sauti ya mkutano imempotea. "Niliporudi mara ya pili niliwakuta wote wanapita ukutani."

"Sisi tulimfuata yeye!" nikasema. "Siku ya kwanza alipita ukutani, tulimwona kwa macho yetu!"

Bwana Kipepe akainama akatazama miguu yake. "Siku ile," akasema, "nilikuwa nimevaa viatu vya kuazima. Niliogopa matope."

Sikumbuki kama kuna mtu aliyecheka. Nakumbuka joto la masikio yangu. Mama Chausiku alijifunika uso kwa kanga yote, akabaki amesimama hivyo kama mtu anayejificha mvua.

Waziri peke yake ndiye aliyetabasamu. "Haya, yamepita. Ingieni sasa, ingieni wote mkamshike mwenzenu."

Tukaingia. Mngeona tulivyoingia! Tulisukumana. Wanaume kwa wanawake, na vilio vikaanza upya, vya kweli kabisa, tena vya nguvu kuliko vya asubuhi. Mimi nilikuwa wa mbele. Kumbe ukoka ni laini sana chini ya mguu, mimi nilikuwa sijui.

Bi Sikudhani alikuwa kapiga magoti, anakunja mikeka.

"Mama," nikamwambia, "acha, tutakaa. Tumekuja."

Aliendelea kukunja. Alipomaliza mkeka wa mwisho akausimamisha begani, akatutazama mmoja mmoja, hakuruka mtu.

"Nimeanua tanga," akasema.

"Lakini mama, hata siku ya kwanza haijaisha."

"Asubuhi niliwaita mimi, hamkuja. Sasa kawaita yeye, mmekuja." Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Nashukuru. Nendeni majumbani kwenu mkamwagilie."

Akaingia ndani. Akasogeza yale mawe kwa mguu, akarudisha mbao za mlango, moja, kisha ya pili, tukasikia komeo.

Bendera ya kijani ilikuwa imeshatolewa garini na dereva alikuwa anauliza aichomeke wapi. Waziri akatazama saa yake, akakunjua hotuba, akaikunja tena. Kwa kuwa ni kiongozi anayejali wananchi, akatuuliza kama kuna mwenye swali.

Hakukuwa na swali. Tulisimama pale katikati ya ukoka wa watu, kila mmoja akitazama miguu yake.